Dakika Sitini za Massillon

Jumamosi, tarehe 24 Novemba 1906. Mji wa Canton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, uliamka ukiwa na timu ya futiboli ya Kimarekani ambayo haikuwa imefungwa hata mechi moja msimu mzima. Siku hiyo ilifungwa moja. Hiyo moja ikatosha kuizika.

Asubuhi ile haieleweki bila kujua kidonda kilichotangulia. Umbali wa kilomita zipatazo 13 kutoka Canton upo mji wa Massillon, na timu yake, Tigers, ilikuwa bingwa wa Ohio mwaka 1903, ikawa tena 1904, ikawa tena 1905. Canton waliingiza uwanjani timu yao ya kulipwa mwaka huo wa 1905 kwa nia moja, kuwanyamazisha watani hao. Wakachapwa 14–4. Ndipo wenye fedha wa mji walipofungua mifuko. Chini ya kocha Blondy Wallace, aliyewahi kuichezea Philadelphia Athletics mwaka 1902, Canton Bulldogs walisajili wachezaji wa kila upande, na wanne kati yao waliwang'oa Massillon kwenyewe. Massillon nao hawakukaa kimya, wakaleta wageni wao. Hapo ndipo ninapouona mwanzo wa mkasa: miji miwili midogo ikishindana kulipa mishahara ambayo viingilio vya mlangoni visingeweza kuibeba, isipokuwa siku watani wenyewe wakikutana.

Mchana ulipokaribia, watu wa Canton walikuwa na kila sababu ya kutembea kifua mbele. Siku nane tu zilikuwa zimepita tangu Ijumaa ya tarehe 16, walipowafunga Massillon 10–5 nyumbani. Kilichobaki ni mechi ya marudiano. Dau zikawekwa, na nyingine hazikuwa ndogo. Fundi na karani waliweka pesa zao juu ya timu ile kama mtu anavyomwekea ndugu yake dhamana.

Kisha mchezo ukaanza. Sheria zilikuwa mpya. Mwaka uliotangulia, vifo na majeraha ya vijana uwanjani vilikuwa vimemfikia hata Rais Theodore Roosevelt, naye akawaita wawakilishi wa vyuo kuzungumza nao. Kwa hiyo msimu wa 1906 mechi ilipunguzwa ikawa dakika 60, nusu mbili za dakika 30, na kwa mara ya kwanza ikaruhusiwa kuurusha mpira kwa mkono kwenda mbele. Massillon waliwahi kuonja faida yake: tarehe 27 Oktoba Peggy Parratt alimrushia Dan Riley pasi inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo katika futiboli ya kulipwa. Timu hiyo ndiyo iliyowasubiri Canton.

Nusu ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Massillon 13, Canton 6. Enzi hizo kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani kulikuwa na pointi 5, na teke la baadaye 1, kwa hiyo lile pengo la 7 halikuzibika kwa shambulio moja. Ukijumlisha mechi zote mbili, Massillon walipata 18 na Canton 16. Pointi mbili! Ubingwa ukabaki ulikokuwa.

Jioni mashabiki wa Canton walirudi nyumbani na pesa zao zimebaki Massillon. Hilo lingepona. Mashabiki hufungwa, hulala na njaa ya roho, wakaamka wakaanza kuhesabu siku za msimu ujao. Lakini baada ya kipigo yakaja maneno. Gazeti la Massillon, Independent, liliandika kwamba Wallace na mchezaji mmoja wa Massillon, Walter East, walikula njama ya kupanga matokeo. Simulizi moja ilisema Canton washinde ya kwanza, Massillon ya pili, ili mechi ya tatu ijaze uwanja na mifuko. Nyingine ilisema wachezaji wa Massillon walishawishiwa kwa fedha waachie mechi. Canton wakakana yote, wakasema majirani wanataka kuwachafua.

Habari zilipoingia katika baa ya hoteli ya Courtland mjini Canton, ngumi zikapigwa. Naamini habari hizo ziliuma kuliko kipigo cha uwanjani, maana sasa shabiki hakujua tena alichokuwa akishangilia. Na ilikuwa rahisi kuamini mabaya. Wale vijana hawakukulia mitaa ile. Walikuja kwa mshahara, na anayekuja kwa mshahara, watu walijiambia, huenda kwa mshahara mkubwa zaidi. Najua jinsi neno "wameuza mechi" linavyowaka haraka. Halihitaji ushahidi, linahitaji hasira tu.

Alhamisi, tarehe 29, sikukuu ya Shukrani, Canton walicheza na timu ya Latrobe. Walishinda, lakini majukwaa yalikuwa karibu matupu, na mapato yaliyotegemewa kulipia mishahara hayakuja. Msimu ukafungwa kwa ushindi 10 na kipigo kimoja, klabu ikiwa imefilisika. Futiboli kubwa ya kulipwa ikapoa Ohio kwa miaka kadhaa, hadi Canton walipomleta mchezaji Jim Thorpe mwaka 1915 kwa dola 250 kwa mechi. Tarehe 17 Septemba 1920, katika duka la magari la Ralph Hay mjini humo humo, ikaundwa ligi ambayo leo ni NFL.

Wallace aliondoka na doa lake. Hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba mechi ya tarehe 24 Novemba 1906 iliuzwa.