Pikapu ya haibridi au ya kawaida? Pima kwanza kazi yako, kisha hela yako

Mwezi uliopita kikundi cha wakulima wa parachichi kutoka vijiji vya juu hapa mkoani Njombe kilitupigia simu studio. Wameweka akiba kwa misimu minne, na sasa wana hela ya kununua pikapu moja ya kutoa parachichi shambani hadi kituo cha kukusanyia. Mwenyekiti wao anataka ya dizeli, ile ya kawaida. Mhasibu, ambaye ni kijana, ameona kwenye simu tangazo la pikapu ya haibridi, na aliyeweka tangazo ameshamwambia atume malipo ya awali. Walitaka tuwaamulie hewani.

Hatukuwaamulia. Hela si yetu. Lakini tuliahidi kuandika hapa mambo ya kupima, maana tangu siku ile tumepata ujumbe mwingi wa swali hilo hilo, wa watu wa Makambako, Mafinga hadi Mbozi. Soma taratibu, chukua kalamu, maana kuna hesabu.

Haibridi ni kitu gani

Ni gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, na betri ya kuilisha hiyo mota. Ukikanyaga breki kwenye gari la kawaida, ile nguvu ya mwendo inageuka joto kwenye diski na kupotea hewani. Kwenye haibridi, ukiachia mafuta au ukigusa breki, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri. Ukianza kuondoka tena, umeme huo unasaidia kusukuma gari na injini inakunywa kidogo. Hiyo ndiyo siri yote.

Shida ni kwamba jina hilo moja linabeba magari ya aina tatu, na wauzaji hawakwambii tofauti.

Kuna haibridi ndogo. Mfano ni Toyota Hilux ya voti 48, iliyoingia sokoni Afrika Kusini na Ulaya mwaka 2024. Hii bado ni dizeli ya lita 2.8, ile ile inayojulikana. Kilichoongezwa ni mota ndogo inayosaidia injini kwa hadi kilowati 12, na betri isiyofika kilo 8 chini ya kiti cha nyuma. Haiwezi kwenda kazini kwa umeme peke yake.

Kuna haibridi kamili, ambayo kwa mwendo mdogo inaweza kutembea kwa umeme injini ikiwa imezima. Kwa magari madogo tunazo nyingi mitaani: Aqua, Fielder Hybrid, Axio. Kwa pikapu, zile unazoziona kwenye video za Marekani, kama Ford Maverick na Toyota Tacoma ya haibridi, zinatengenezwa usukani ukiwa kushoto. Zifurahie kwenye simu tu.

Na kuna haibridi ya kuchaji, unayochomeka kwenye umeme wa nyumbani. BYD Shark 6 na Ford Ranger ya kuchaji ni za kundi hili, na zote zipo za usukani wa kulia. Ranger hiyo inaunganishwa Afrika Kusini, kule Silverton, Pretoria.

Kwa hiyo mtu akikwambia anauza pikapu ya haibridi, swali la kwanza si bei. Muulize ni ipi kati ya hizo tatu.

Mafuta yanaokolewa wapi

Haibridi inapata faida pale gari linaposimama na kuondoka mara nyingi: foleni, mataa, kushusha mzigo duka baada ya duka. Kwenye lami ndefu, mwendo mmoja kutoka Makambako hadi Igawa, hakuna breki ya maana, kwa hiyo hakuna cha kurudisha kwenye betri. Hapo injini ndiyo inayofanya kazi karibu yote, na umeme unabaki abiria.

Vipi kuhusu milima? Wasikilizaji wengi wameuliza hili na ni swali zuri, maana sisi ni watu wa milima. Ukishuka Kitonga na haibridi kamili, betri inajaa kweli. Lakini ni betri ndogo. Inajaa mapema, kabla hujafika chini, na baada ya hapo unarudi kwenye kushikiliwa na injini na breki kama mtu mwingine yeyote. Ukipanda na mzigo, umeme ule unaisha baada ya muda mfupi, na safari iliyobaki ni ya injini. Kwa hiyo mlima unarudisha kitu, lakini si kama watu wanavyofikiri, na dereva asije akaacha gia nzito kwenye mteremko eti gari lina umeme.

Kwa Hilux ya voti 48, kampuni yenyewe inataja akiba ya mafuta ya takriban asilimia 5. Shikilia namba hiyo, tunaitumia sasa hivi.

Hesabu ya wale wakulima

Tuliwapigia tena tukawauliza njia yao. Kwenda na kurudi ni kilomita 60, nyingi za vumbi, siku tatu kwa wiki, kwa wiki 26 za msimu. Hiyo ni kilomita 4,680 kwa mwaka. Tuseme pikapu ya dizeli yenye mzigo kwenye njia hiyo inakula lita 12 kwa kilomita 100. Jumla ni kama lita 560 kwa mwaka. Asilimia 5 ya lita 560 ni lita 28.

Lita 28. Yaani dumu moja la lita 20 na chupa chache. Hiyo ndiyo akiba yao ya mwaka mzima.

Sasa weka bei ya dizeli kijijini kwako. Kwa mfano, kwa shilingi 2,800 kwa lita, ni shilingi 78,400 kwa mwaka. Kama gari la haibridi limezidi lile la kawaida kwa shilingi milioni 4 tu, wanahitaji zaidi ya miaka 50 kurudisha tofauti hiyo. Wajukuu ndio watakaokuja kula faida.

Mtu mwingine hesabu yake ni tofauti kabisa. Tuchukue mfanyabiashara anayesambaza soda na unga ndani ya mji wa Mbeya, kilomita 30,000 kwa mwaka, akisimama kila baada ya dakika tano. Kwa gari linalokula lita 11 kwa kilomita 100, anamaliza lita 3,300. Haibridi kamili ikimwokolea robo yake, ni lita 825, zaidi ya shilingi milioni mbili kwa bei ile ile. Huyo akitafuta haibridi ana sababu, ingawa atagundua kwamba pikapu ya namna hiyo yenye usukani wa kulia ni adimu, na pengine gari dogo la mzigo kama Probox ya haibridi litamfaa zaidi.

Njia ya kufanya hesabu yako ni hiyo hiyo. Kilomita zako za mwaka, ulaji wa gari, asilimia inayookolewa, bei ya lita. Ukipata hela ya mwaka, gawanya tofauti ya bei ya magari mawili kwa hiyo hela. Ikizidi miaka unayotarajia kukaa na gari, umepata jibu.

Ya kuchaji na uniti za LUKU

Hapa kuna jambo wauzaji hawalisemi. BYD Shark 6 ina betri ya kilowati-saa 29.58, yaani kuijaza kutoka sifuri ni karibu uniti 30, bila kuhesabu zinazopotea njiani. Nyumba nyingi za vijijini ziko kwenye kundi la D1, lile la bei nafuu kwa anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukiijaza gari mara tatu umeshapita 75, na hapo bado hujawasha taa wala kuchaji simu. Utahamishwa kundi, na bei ya uniti zote inabadilika. Bado umeme unaweza kuwa nafuu kuliko mafuta, lakini usipige hesabu kwa bei ya D1.

Kitu kimoja tulichokipenda kwenye haya ya kuchaji ni soketi. Gari linaweza kutoa umeme wa kuendesha pampu, mashine ya kuchomelea au friji ya chanjo za mifugo mahali pasipo na nguzo. Mtu mwenye kazi ya namna hiyo aihesabu, maana inaweza kumwokolea bei ya jenereta.

Mzigo

Betri ni mzigo. Kila kilo ya betri kubwa ni kilo isiyopakiwa nyuma, na wakati mwingine ni springi laini za kubembeleza abiria. Shark 6 kama inavyouzwa Australia inaruhusiwa kubeba kilo 790, watu wakiwemo ndani ya hesabu. Hilux, hata ile ya voti 48, inafika tani moja.

Weka dereva na vijana wawili wa kupakia, tuseme kilo 200 kwa pamoja. Kwenye tani moja unabaki na kilo 800, ambazo ni kreti 40 za kilo 20. Kwenye kilo 790 unabaki na 590, kreti 29. Tofauti ya kreti 11 kila safari, msimu mzima, ni hela kubwa kuliko mafuta yoyote utakayookoa.

Na tukiongea kwa ukweli, huku kwetu gunia la viazi halipakiwi kilo 100, linapakiwa lumbesa. Gari la dizeli la zamani litavumilia kwa kulalamika. Hatusemi ufanye hivyo. Tunasema tu, ukijua moyoni kwamba utafanya, usinunue gari lenye betri chini ya bodi.

Fundi, spea na vumbi

Kabla ya kununua, nenda kwa fundi unayemwamini na umuulize swali moja: "Hili likizima, utalifungua mwenyewe au utaniambia nilipeleke Dar?" Haibridi kamili ina umeme wa voti zaidi ya 200, na nyaya zake zimepakwa rangi ya chungwa kwa makusudi, ili mtu asiye na mafunzo asizikaribie. Voti 200 zinaua. Ile ndogo ya voti 48 haina hatari ya kiwango hicho, ila bado inahitaji fundi mwenye kompyuta ya kuipima.

Vumbi nalo ni adui. Kwenye haibridi nyingi za Toyota zilizozoeleka hapa, betri inapozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na vumbi, au na begi la shule, betri inachemka na kufa kabla ya siku zake. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache, na wengi hawajui hata kama lipo.

Lakini mwenyekiti wa kikundi asifurahi haraka. Dizeli ya kawaida ya leo si ile ya 3L ambayo fundi wa kijijini alikuwa anaifungua chini ya mwembe. Injini za miaka ya karibuni zina nozeli zinazoendeshwa na kompyuta, na hazitaki maji wala uchafu hata kidogo. Sisi wenyewe tulijifunza kwa machungu. Pikapu ya redio, ya dizeli, iliishiwa mafuta tukirudi kwenye matangazo ya nje, tukanunua dumu moja kando ya barabara. Kilomita chache mbele ikaanza kukohoa. Nozeli nne na pampu vikalazimika kushushwa, na matangazo ya nje tukayafanya kwa bodaboda kwa wiki tano. Kwa hiyo, "ya kawaida" maana yake si "haiharibiki". Maana yake ni kwamba spea ziko Njombe mjini na mafundi wanaoijua ni wengi.

Kama ni la mtumba

Haibridi ya mtumba ipimwe betri kwa kompyuta kabla hujalipa, na upewe majibu kwenye karatasi. Dhamana ya kiwandani ya betri kwa kawaida haivuki bahari pamoja na gari. Bei ya betri mbadala uiulize kabla, kisha uijumlishe kwenye bei ya gari kana kwamba utainunua mwaka wa tatu.

Ushuru nao usikisie. TRA wana kikokotoo cha magari ya mtumba kwenye tovuti yao, unaweka aina na mwaka wa kutengenezwa. Gari lenye umri mkubwa linatozwa zaidi, kwa hiyo lile la bei rahisi bandarini Japani linaweza kukugeukia ukifika Dar.

Na yule wa tangazo? Tulimshauri mhasibu amwombe namba ya chasisi na picha ya usukani. Alituma picha ya gari zuri jeupe, usukani kushoto. Namba ya chasisi hadi leo haijaja.

Kikundi kinakutana Jumapili baada ya ibada. Mhasibu ametuambia ameshaandika zile lita 28 kwenye karatasi ya manila na ataibandika ukutani, kisha atauliza swali lake la pili: kama wananunua dizeli, ni nani atakayeshika daftari la mafuta, maana hawezi kuwa dereva huyo huyo.