Bei Kikomo Haielekezi, Inakomesha

Ripoti yangu kuhusu bei za mafuta ilirudi kutoka kwa mhariri hivi karibuni. Kila palipokuwa na "bei kikomo" pamefutwa, pakawekwa "bei elekezi". Sikuulizwa. Nilipohoji, nikajibiwa kwamba jopo la istilahi limekwisha kuamua na uamuzi wake haujadiliwi. Mimi niliyetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kuchambua bei za umeme, maji na mafuta, najadili.

Kikomo kimezaliwa na koma: acha, usizidi hapo. Ndicho kitenzi cha mama anayemwambia mtoto "ukome!", na mtoto huelewa bila jopo. Umbo lake ni la Kiswahili halisi. Funika hutoa kifuniko, ziba hutoa kizibo, pima hutoa kipimo. Koma hutoa kikomo, yaani mahali jambo linapolazimika kusimama. Sasa litazame elekezi. Elekea, elekeza, maelekezo, mwelekeo: ukoo mzima kazi yake ni kuonyesha njia, na hakuna hata mmoja ndani yake anayeifunga. Aliyeelekezwa anaweza kufuata au kuacha. Aliyewekewa kikomo hana hiari hiyo.

Yuko mwenzetu mmoja anayerudia katika kila semina kwamba "bei kikomo" ni sarufi mbovu kwa kukosa "ya". Je, askari kanzu naye amekosea? Bata mzinga je? Nomino kuifuata nomino si ugeni katika lugha hii. Na wanaotaka tuseme "dari ya bei" wamebeba picha ya wenyewe Waingereza mzimamzima, bila hata kuikung'uta vumbi.

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya 2001, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kuzingatia bandari mafuta yaliposhushiwa: Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Kituo kikivuka bei hiyo kimevunja sheria. Kikiuza chini yake, mradi kisishuke chini ya kiwango cha chini kinachoruhusiwa, hakina kosa, na ndipo ushindani unapopata nafasi. Iite elekezi, na muuzaji ataiona kuwa ndiyo bei anayotakiwa kuifikia, huku mnunuzi akimshuku anayeuza kwa nafuu kwamba amechakachua mafuta. Nchini Kenya EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli, hutangaza bei za juu kabisa zinazodumu kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata, na huko pia hakuna anayeelekezwa.

Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika Tanzania, ilitangazwa "bei elekezi", kisha waliozidisha wakaonywa kwamba watachukuliwa hatua. Mtu huadhibiwaje kwa kupuuza mwelekeo? Bei hiyo ilikuwa kikomo tangu siku ya kwanza, ila ilinyimwa jina lake.

Elekezi ibaki kwa bei ambazo ni ushauri mtupu. Wahariri, mkikuta "bei kikomo" katika maandishi ya mchambuzi yeyote wa udhibiti, liacheni kama lilivyo.