Wasifu wa Marehemu

Kwetu Pemba mazishi hayana hotuba ndefu. Sala ya jeneza ina takbira nne, haina rukuu wala sijida, na waziri husaliwa sawa na mvuvi. Kisha hutangazwa kuwa mwenye kumdai marehemu awaone warithi wake. Yaliyobaki huachiwa wasifu, na wasifu wa mtu wa siasa si kazi nyepesi.

Tumtazame Seif Sharif Hamad, aliyezaliwa Mtambwe mwaka 1943 na kuzikwa huko huko Februari 2021. Vyeo vyake vyaorodheshwa kwa urahisi: Waziri Kiongozi wa Zanzibar 1984 hadi 1988, kisha Makamu wa Kwanza wa Rais mara mbili. Lakini kuanzia 1989 hadi 1991 alikuwa mahabusi. Mwandishi akiiruka miaka hiyo, amemwandika mtu mwingine. Akiandika hiyo tu, ameandika mashitaka.

Wananchi walikuwa na wasifu wao. Kabla ya siasa alisomesha shule za sekondari, nao wakaendelea kumwita Maalim mpaka wanamzika. Cheo hakikumpa jina hilo, wala gereza halikumvua.