Matembezi ya Siku Moja Mpulungu

Wenyeji wa uwanda wa juu wa Ufipa hawakuwa na desturi ya kushuka ziwani kwa kutazama tu. Zama za mababu mtu alishuka kwa haja. Alichukua ulezi, au majembe ya chuma kilichoyeyushwa katika malungu, zile tanuru ndefu za udongo zilizowapa Wafipa sifa, au nguo za pamba zilizofumwa nyumbani. Akarudi na samaki wakavu begani. Haja yake ilipokwisha aliupanda mlima, wala hakuna aliyemwuliza maji yalikuwa na rangi gani jua lilipokuchwa. Kwa hiyo mtu na mkewe watokao Sumbawanga siku hizi, wakapata siku moja ya mapumziko, wakaenda Mpulungu katika nchi ya Zambia, pasipo biashara, wala arusi, wala msiba, wanafanya jambo jipya. Mpulungu ni mji wa kigeni ulio ukingoni mwa maji. Ugeni wake ndio wa kuchunguzwa.

Sumbawanga iko katika kimo cha yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika katika kimo kinachokaribia mita 770. Basi bahari ya Wafipa, tukiruhusu ziwa kuitwa hivyo, iko chini ya miguu yao kwa kilomita moja. Njia hupita Matai, hufika Kasesya mpakani. Hapo hati hupigwa mihuri, shilingi hubadilishwa kwa kwacha, na saa ya mkononi hurudishwa nyuma kwa saa moja. Aliyevuka saa mbili asubuhi huambiwa ng'ambo ya pili, kwa hesabu ya Kizungu, kuwa ni saa saba. Naye akiisikia kwa sikio la Kiswahili hudhani kuwa adhuhuri imemfikia kabla ya chai. Kwa mwenye haraka hili ni sumbuko. Kwa watu wawili wasio na shughuli ni zawadi, maana siku yao imeongezwa urefu.

Zawadi hiyo, hata hivyo, ilitoka mbali. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mapatano yaliyogawa nchi nyingi ambazo watia sahihi hawakuziona kwa macho. Mpaka ulichorwa baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukaishia penye mlango wa mto ulioandikwa Kilambo, ambao leo huitwa Kalambo. Katika mapatano hayo hayo Ujerumani ilikubali ulinzi wa Waingereza juu ya Unguja, nayo ikapata Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Tangu mwaka 1826 Heligoland ilikuwa mahali pa kuogea baharini, ambapo watu wenye nafasi walikwenda kupunga hewa, wake kwa waume. Yaweza kusemwa bila kejeli nyingi kwamba Walungu waligawanywa mafungu mawili katika karatasi ile ile iliyobadilisha bendera ya mahali pa matembezi. Mwaka 1898 wapimaji wa mataifa yote mawili walikuja kuutafuta mstari huo juu ya ardhi yenyewe, na waliokuwa jirani wakajikuta wana wenyewe wawili.

Msomaji aweza kudhani kuwa Vita Kuu ya Kwanza iliufuta mstari huo, kwa kuwa Wajerumani waliondoka. Haikuufuta. Baada ya vita hivyo pande zote mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja wa Uingereza kwa zaidi ya miaka 40, na mpaka ukabaki pale pale. Ndio ukweli wa kustaajabisha kuliko yote katika habari hii. Upande mmoja uliitwa Tanganyika, wa pili Rhodesia ya Kaskazini. Na kwa kila upande serikali ilifungua njia yake ya kodi na kazi. Vijana wa Ufipa walielekea mashamba ya mkonge ya Tanga. Vijana wa Kimambwe wengi walielekea migodi ya shaba. Watu ambao lugha zao, Kifipa, Kimambwe na Kilungu, wajuzi huziweka katika kundi moja, walijifunza lugha za safari mbalimbali: hawa Kiswahili, wale Kibemba. Uhuru ulipokuja, Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961 na Zambia tarehe 24 Oktoba 1964, kila nchi ilirithi karani wake wa mpakani.

Baada ya Kasesya wasafiri hufika Mbala, ambayo Waingereza waliiita Abercorn. Hapo ndipo von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Mji una jumba la makumbusho liitwalo Moto Moto, kwa lakabu ya Askofu Joseph Dupont. Na mke wa Sumbawanga asomapo jina hilo mlangoni hahitaji mkalimani. Walio na nafasi huweza kugeuka kwenda kwenye maporomoko ya Kalambo, ambapo maji ya mpakani huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Juu ya maporomoko hayo wachimbaji wa mambo ya kale walikuta magogo mawili yaliyochongwa yakashikana. Taarifa iliyotolewa mwaka 2023 iliyapa umri wa miaka 476,000 hivi. Hakuna mtu ajuaye aliyeyachonga alikaa upande gani wa mto.

Kutoka Mbala barabara huteremka yapata kilomita 40. Joto huzidi, koti la Sumbawanga huvuliwa, na maji hutokea baina ya vilima. Nchi ya Zambia haina bahari. Mpulungu ndiyo bandari yake, na saruji na sukari hupakiwa hapo kwenda Burundi. Mume, kama walivyo waume wengi, hupenda kusimama gatini na kuhesabu vyombo. Kwa vizazi vingi chombo kikubwa kilichotia nanga hapo kilikuwa Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Jina la Liemba ndilo Livingstone alilolisikia wenyeji wakiliita ziwa, alipolifikia upande huu wa kusini Aprili 1867. Basi meli ya Kijerumani iliyofufuliwa na Waingereza ilibeba neno la wenyeji, ikawavusha wenyeji mpaka usiokuwapo neno hilo lilipotamkwa.

Mke huvutwa na soko. Dagaa aliowazoea nyumbani hapa huitwa kapenta. Samaki ni wale wale wa ziwa lile lile, wamevuliwa usiku kwa taa zile zile, bei tu ndiyo imevaa kwacha. Muuzaji huanza kwa Kibemba. Mnunuzi hujibu kwa Kiswahili. Na mzee akiwapo hapo aliyezaliwa vijiji vya Kilungu, mazungumzo huhamia Kifipa na Kilungu bila mtu kuomba ruhusa. Huko kwenye mafungu ya dagaa ugeni huwa mwembamba sana.

Alasiri yafaa kwenda Niamkolo, karibu na mji. Hapo kuna kuta za mawe na mnara wa kanisa lililojengwa na wamisionari wa London katika miaka ya 1890. Ndani hamna paa. Mwaka 1908 mahali pale paliachwa kwa sababu ya malale, na wakazi wa ufuko wakahamishwa mbali na mbung'o. Mbung'o haikujua mpaka, na ufuko wa Wajerumani nao uliugua. Watu wawili wakikaa kimya kivulini mwa ukuta ule, wakitazama maji, huenda wakaikumbuka Kasanga, bandari ya kwao wenyewe. Kasanga iko katika nchi ya Ufipa, wala haihitaji mhuri. Lakini iliitwa Bismarckburg, kwa heshima ya waziri ambaye hakukanyaga Afrika, na boma lake lilijengwa ili mwenyeji alitazame kwa hofu. Juni 1916 askari wa Kijerumani waliliacha boma hilo, wakatoroka kwa mitumbwi usiku. Majina yaliyowahi kuwa mageni kabisa katika ufuko huu, basi, mojawapo lilikuwa upande wa nyumbani.

Jua likishuka wasafiri hupanda tena Mbala, wamebeba fungu la kapenta ambalo hawakukusudia kulinunua. Kasesya karani hupiga mhuri wa pili, na saa moja waliyopewa asubuhi hurudishwa.