Orodha Chini ya Skrini

Ukishacheza gemu moja ya aina hii, umezijua zote. Chumba cha mchawi kinafunguka kwenye skrini kikiwa kimejaa makorokoro hadi darini: vitabu vikuukuu, chupa za rangi, mafuvu, mishumaa inayodondosha nta. Chini kuna orodha ya maneno. Unatafuta kitu kilichotajwa, unakibofya, kinapotea. Ukimaliza orodha, mlango unafunguka na unaingia chumba kingine chenye makorokoro yake. Basi, ni hivyo tu. Na bado mtu anakaa hapo saa tatu nzima bila kukumbuka njaa.

Mimi nilizichezea Migori, kwenye saiba moja karibu na steji, na baadaye kwa shangazi yangu Homa Bay, kwenye kompyuta iliyonguruma kama posho mill. Gemu zenyewe zilifika kwa flashi, mkono kwa mkono, na hakuna aliyeuliza zilikotoka.

Asili yake ni vitabu vya watoto. Mwaka 1987 Mwingereza Martin Handford alitoa Where's Wally?, kurasa zilizojaa watu ambamo unamtafuta jamaa mmoja mwenye fulana ya mistari. Mwaka 1992 huko Marekani zikaja picha za I Spy za Walter Wick na Jean Marzollo, na hapo tayari kuna orodha, imeandikwa kwa vina. Kisha 2005 kampuni ya Big Fish Games ya Seattle ikatoa Mystery Case Files: Huntsville. Mwaka uliofuata ikaja Ravenhearst na jumba lake la mizimu, na tangu hapo uchawi haukutoka tena. Big Fish walikuruhusu kuonja gemu kwa saa moja bila kulipa. Kwa mtu anayelipia saiba kwa dakika, hiyo saa moja si bure hata kidogo, lakini tuache hayo.

Kilichonishika ni ile orodha. Ilikuwa ya Kiingereza, na si Kiingereza cha shuleni. Nilikutana na neno thimble nikiwa sijawahi kuona kitu chenyewe, yaani kile kikofia cha chuma ambacho mshonaji huvaa kidoleni asichomwe na sindano. Kilikuwa pale mbele yangu, juu ya kabati, muda wote. Macho yalikipita mara ishirini. Ukibofya ovyo ubahatishe, Huntsville inakukata muda. Kwa hiyo tulijifunza majina kwanza, na vitu vikaanza kuonekana.

Sasa angalia uchawi wenyewe ni wa nani. Studio nyingi za gemu hizi ziko Ulaya. Artifex Mundi, waliotoa Enigmatis mwaka 2011, ni Wapolandi. Chumba chao cha mchawi kina sufuria kubwa jeusi, ufagio, paka mweusi. Ukimwonyesha dani yangu wa Ndhiwa picha hiyo, atasema hilo ni jiko chafu. Nyumbani kwake kulikuwa na agwata, kile kibuyu cha kunywea, na orengo, usinga wa kufukuzia nzi, na mitishamba ya manyasi ambayo watoto wote tulinyweshwa. Msanii wa Poland angepita hapo asione kitu cha kubofya.

Mkoloni yeye aliona, na aliona kupita kiasi.

Huko huko Ndhiwa, katika Kanyamwa, ndiko alikotawala Gor wuod Ogada, ambaye watu walimwita Gor Mahia kwa ajili ya miujiza yake. Ndiye ambaye klabu ya mpira iliyoanzishwa 1968 ina jina lake. Masimulizi yanasema wazungu walipokuja kumtafuta alijigeuza: mara mwanamke, mara mtoto, mara mnyama. Hakukimbia. Alikaa palepale bomani wakamtazama bila kumwona. Mimi naisoma hadithi hiyo kama mchezaji: afisa ana orodha yenye jina moja, na picha inakataa kumpa.

Serikali ya kikoloni ilijibu kwa sheria. Ile ya mwaka 1925, Sheria ya Uchawi, ambayo kwenye vitabu vya Kenya huru ilibaki kama Sura ya 67, inamfanya mhalifu mtu anayepatikana na hirizi au kitu kingine ambacho kwa kawaida hutumika katika uchawi, kwa nia ya kutia hofu, kukera au kudhuru. Hebu rudia hayo maneno, kitu ambacho kwa kawaida hutumika. Kwa kawaida ya nani? Mjaluo hutofautisha ajuoga anayetibu na kupiga ramli kwa gagi, yaani kauri, na jajuok anayekimbia usiku. Kiswahili nacho kina mganga na mchawi. Lakini ukishasimama kortini na kauri ziko mezani kama kielelezo, tofauti hiyo inategemea anayezitazama.

Na si korti peke yake. Mei 2008, Kisii, jirani zetu tu hapo, umati uliwachoma watu 11 hadi kufa kwa madai ya uchawi. Habari za wakati huo zilisema wanakijiji walidai kuokota daftari katika shule ya msingi, lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi na watakaorogwa. Daftari la shule. Mwaka 2021, Marani, hukohuko Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa hivyohivyo. Mzee anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni, mizizi imefungwa kwenye kitambaa: anayekuja na orodha yake kichwani hakosi cha kuona. Na huku kubofya ovyo hakukatwi muda.

Binamu yangu anasomea kompyuta na anataka kutengeneza gemu ya kwetu. Mandhari hayamsumbui. Kuna Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, ziwa ambalo inasemekana lilimeza kijiji kilichomnyima bibi kizee mahali pa kulala. Kuna Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori, kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, ambazo UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Malango yake ni mafupi, lazima uiname, na hapo gemu yoyote ingeanza vizuri.

Tulichora chumba kimoja kwenye karatasi, nyumba ya dani. Agwata ukutani, orengo juu ya kiti, manyasi kwenye chungu, gagi kwenye ungo. Orodha iwe ya Dholuo, tumekubaliana. Bado tunabishana kuhusu gagi: yeye anataka ziingie kwenye orodha, mchezaji azibofye na mlango ufunguke. Mimi nataka zikae tu kwenye ungo.