Kisukari na Miguu Inayowaka Moto: Dar es Salaam Tangu Miaka ya 1980

Maumivu ya mishipa ya fahamu yatokanayo na kisukari huanzia nyayoni. Mgonjwa huelezea miguu kuwaka moto, kuchomwa kama kwa sindano, au vidole kuuma usiku kwa kuguswa na shuka tu. Mwingine hana maumivu yoyote: anakanyaga sakafu na haisikii vizuri.

Chanzo ni sukari kukaa juu kwenye damu kwa miaka. Seli za misuli husubiri insulini ndipo ziingize sukari. Neva hazisubiri, kwa hiyo sukari ikipanda kwenye damu hupanda ndani yake pia. Ziada hiyo hugeuzwa kuwa sobitoli, na kazi ya kuigeuza hula akiba ya kemikali zinazoikinga seli isiharibike. Sukari pia hujinatisha kwenye protini, na vimishipa vidogo vya damu vinavyolisha neva huota kuta nene na kuwa vyembamba kwa ndani. Neva zinazotoka mgongoni hadi vidole vya miguu ndizo ndefu kuliko zote, nazo huumia kwanza. Nyuzi zake nyembamba, zinazobeba habari za joto na maumivu, huanza kupeleka habari za uongo kwenye ubongo: huo ndio moto anaousikia mgonjwa. Zikifa kabisa, moto huzimika. Wengi hudhani wamepona, na hapo ndipo hatari kubwa huanza.

Madaktari walichelewa kuujua mpangilio huu. Hadi katikati ya karne ya 19 wengi waliamini kisukari ndicho huzaliwa na ubovu wa neva. Mfaransa Marchal de Calvi akaupindua uhusiano huo mwaka 1864. Insulini ilipoanza kutumika mwaka 1922, wagonjwa wakaishi muda wa kutosha madhara ya miaka mingi kujitokeza. Jean Pirart wa Brussels alifuatilia wagonjwa 4,400 kati ya 1947 na 1973, akaona neva zikiharibika zaidi kadiri ugonjwa unavyodumu na sukari inavyoachwa juu. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliohusu aina ya kwanza ya kisukari, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa ukaribu hupunguza madhara ya neva kwa takribani asilimia 60. Kwa aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, faida hiyo kwa neva ni ndogo zaidi.

Dar es Salaam haikuwa na nafasi katika masimulizi hayo. Hospitali zake za kikoloni, kuanzia ile iliyopewa jina la mfanyabiashara Sewa Haji hadi Princess Margaret iliyofunguliwa mwaka 1956 na baadaye kuitwa Muhimbili, zilijaa malaria, kifua kikuu na majeraha, na kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa adimu kwa Waafrika. Picha ilianza kubadilika pale daktari Donald McLarty na wenzake walipowaandikisha Muhimbili wagonjwa wapya 1,250 kati ya Juni 1981 na Mei 1987. Uchunguzi wao wa vijijini, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja katika kila watu 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa ulikikuta kwa takribani watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Mbinu za kupima hazikuwa zile zile, lakini pengo ni kubwa mno kuelezwa kwa mbinu peke yake.

Kariakoo inaonyesha mabadiliko hayo vizuri kuliko takwimu. Mtaa ulikua mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na soko la zege alilosanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliendelea kuwategemea wachukuzi na wasukuma mikokoteni. Pembeni yao maisha mengine yalizidi kupanuka: kukaa dukani kutwa, kupanda daladala, chipsi mayai na soda. Mwenye duka akipata ganzi, mtaa wenyewe unakuwa hatari kwake: lami ya saa saba mchana, msumari uliotoboa kandambili, kokoto iliyoingia kwenye kiatu asubuhi na kugunduliwa jioni soksi ikiwa na damu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 daktari Zulfiqarali Abbas alianza kuwashughulikia wagonjwa wa miguu kwa kliniki maalumu Muhimbili. Tafiti zake na wenzake zilionyesha kwamba vidonda vingi vya jijini vilitokana na ganzi, tofauti na Ulaya ambako mishipa ya damu iliyoziba ina sehemu kubwa. Ripoti yao ya mwaka 2005 ilihusu jambo ambalo vitabu vya kigeni havikulitarajia: wagonjwa waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini, wasiamke. Wengi walifika hospitali wakiwa wamechelewa, kidonda kimeshaoza.

Mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanza mwaka 2004 Tanzania na India, uliwafunza madaktari na wauguzi kupima miguu. Kifaa chake kikuu ni uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, uzi hubonyezwa unyayoni hadi upinde, naye husema anapousikia. Asiyeusikia hufundishwa kukagua nyayo kila jioni, kukung'uta viatu kabla ya kuvaa na kutotembea peku hata ndani ya nyumba.

Maumivu yenyewe hutulizwa kwa dozi ndogo za amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, au kwa gabapentini pale inapopatikana. Vidonge vya kawaida vya maumivu havisaidii sana. Metformini, dawa ya kushusha sukari, ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi, kwa hiyo mguu ukifa ganzi, si lazima sukari ilaumiwe peke yake.