Njia ya Baiskeli Isiyo na Gari Tunayo, Shida ni Mlango

Wadau, kuna video za aina moja zinanifuata kila nikifungua simu. Mzungu yuko juu ya baiskeli, mkate mrefu kwenye kikapu, mizabibu kushoto, mfereji wa maji kulia, na gari halionekani hata moja. Hapo chini watu wetu wameandika: "Hii Kenya italetwa lini?" Wengine wanajibu ati hatuna pesa, wengine ati hatuna ustaarabu. Mimi nakaa Ukunda na naona wote wamekosea swali. Tuanze na hao Wafaransa wenyewe, manake historia yao haisimuliwi vizuri.

Zile njia hazikujengwa kwa ajili ya baiskeli. Nyingi zilikuwa njia za kazi zilizokwisha kazi yake. Kandokando ya mifereji kulikuwa na vijia ambapo farasi, na wakati mwingine watu, walivuta mashua za mizigo kwa kamba. Injini zilipokuja, farasi wakaenda, kijia kikabaki. Kuna na reli pia. Ufaransa ilijaa vijireli vya mashambani, vya kubeba divai, mawe na abiria wachache, na malori yalipovinyang'anya mizigo vikafungwa kimoja kimoja. Mwaka 1997, kule Burgundy, kipande cha reli iliyokufa kati ya Givry na Cluny, kama kilomita 44, kikatiwa lami na kupewa watembeao na waendesha baiskeli. Vingine vikafuata. Leo unaweza kufuata mto Loire kwa kilomita kama 900, na sehemu ya mwendo huo iko mbali na magari.

Pesa ilitumika, sikatai. Lakini kilichowaokoa ni kwamba ule ukanda mwembamba wa ardhi ulibaki mzima. Haukukatwakatwa viwanja. Wangeugawa kwa jirani huyu mita 20 na yule mita 50, ungekuwa umekwisha, na hakuna lami ya kuurudisha.

Sasa tugeuke huku kwetu. Kwale nasi tuna ukanda mwembamba, mzima, usio na gari. Unafunguliwa mara mbili kwa siku na haujawahi kuhitaji mkandarasi. Ni mchanga wa ufuoni, maji yakipwa.

Msicheke. Nenda pale msikiti wa Kongo, kwenye mdomo wa mto Mwachema, upande wa kaskazini wa Diani. Ni msikiti wa mawe ya matumbawe, wa karne nyingi, umezungukwa na mibuyu, na watu bado wanasali humo. Ukija kwa gari unaona umejificha mwisho wa njia ya vumbi, unajiuliza nani alijenga huku porini. Njoo kwa ufuoni uone. Uko mlangoni kabisa! Waliojenga walijua watu wanatoka wapi: baharini kwa mashua na mchangani kwa miguu. Barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga ndiyo mgeni, na ndiyo iliyofanya kila kitu cha zamani kionekane kimejificha.

Hiyo njia ya mchangani ina ratiba yake, na wazee wetu waliijua bila simu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti ya juu na chini hapa pwani yetu hukaribia mita 4. Siku hizo maji huwa yametoka kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na mchanga uliobaki nyuma ni mgumu kama sakafu. Kila siku saa hiyo inasogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji mafu yakifika, bahari haiendi mbali, ule mkanda mgumu unakuwa mwembamba, na tairi linazama unabaki kusukuma. Halafu kuna upepo. Wakati wa kusi, ukitoka Galu kwenda Kongo unasukumwa mgongoni hadi unajiona bingwa. Kurudi ndio utaijua pumzi yako. Kaskazi ikivuma, mambo yanageuka.

Hii si nadharia. Simama Diani asubuhi maji yakiwa nje uhesabu: muuza madafu, mvuvi na ndoo ya samaki kwenye keria, kijana anayewahi kibarua hotelini, wote kwenye mchanga mgumu, wote juu ya Black Mamba zilizoliwa na kutu. Hawaendeshi kwa mazoezi. Wanakwepa matatu na malori. (Ukienda nawe, ukirudi osha mnyororo kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kisha mafuta. Na kaa kwenye mchanga mbichi, huko juu kasa hutaga mayai.)

Ndani nako kulikuwa na mtandao mwingine, wa vijia vya msituni na vya makaya. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipogombana na Waingereza mwaka 1895, wao walikuwa na manowari na ufuo wote mbele ya mizinga. Yeye alikuwa na vijia. Ilibidi waje kwa miguu hadi ngome yake ya Mwele, ndani kabisa, wakaivunja mwezi Agosti, na bado hawakumkamata. Mwaka uliofuata alivuka upande wa Wajerumani. Nikiangalia barabara zetu leo nawaza kwamba aliyezipanga alitaka njia moja pana ambayo anaweza kuiona na kuilinda. Ni mawazo yangu tu.

Baiskeli ilipofika ilipita vijia hivyo hivyo. Kwa miaka mingi ukisema boda ulimaanisha baiskeli yenye kiti cha nyuma. Mtindo wenyewe ulianzia mpakani Busia. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, na baada ya miaka michache tu vijia vyetu vikawa vya pikipiki. Silaumu, pikipiki imeajiri nusu ya niliosoma nao. Ila tukubali kwamba tangu hapo mchanga ndio mahali pa mwisho ambapo baiskeli ni mfalme.

Na hapa ndipo penye kesi. Mwaka 1908 wakoloni walileta sheria ya hati za ardhi kwenye ukanda wa maili 10 uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwenye dai alitakiwa alete dai lake. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mwingereza. Sasa Mdigo ambaye shamba lake ni la ukoo, alete dai kwa jina la nani? Wengi walibaki nje ya vitabu. Kijia ndio kabisa, maana kijia hakina mtu wa kwenda kusimama mbele ya karani aseme "mimi ndiye mwenyewe". Viwanja vya mbele ya bahari vikapata wenye hati, hoteli zikaja, kuta zikapanda.

Mchanga wenyewe haukuuzwa, hilo mlijue. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Yaani ile barabara yetu ya saa nne asubuhi imeandikwa kwenye katiba! Lakini utaifikia vipi? Kutoka barabara ya Diani hadi majini unapita kwenye vichochoro kati ya ukuta na ukuta, na vichochoro hivyo vinapungua. Kimoja kinawekewa geti "kwa usalama". Kingine kinasogezewa ukuta kidogo kidogo hadi baiskeli haipiti na magunia. Mvuvi aliyekuwa anashuka hapo anazunguka, na kuzunguka kwake ni juu ya lami, katikati ya magari. Mbega wa Diani wana vivuko vyao vya kamba juu ya barabara ili wasigongwe. Nawapongeza.

Ufaransa ilipitia hili pia. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1976 iliwaamuru wenye viwanja vinavyopakana na bahari waache mita 3 kwa wanaopita kwa miguu. Matajiri wenye majumba yao walipinga, kesi zikaenda mahakamani miaka na miaka. Hiyo sehemu haimo kwenye video ya mkate mrefu.

Kusini zaidi mchanga unakatika. Ukishapita Kinondo (kayani huingii na baiskeli, unaiacha nje na unafungwa kaniki kiunoni) unakutana na mikoko ya Gazi, na hapo lazima upande bara. Kuelekea Msambweni na Ramisi zipo njia za mashamba ya miwa, za tangu kile kiwanda cha sukari kilichokufa mwishoni mwa miaka ya 1980. Nzuri sana kwa baiskeli, ila zina mabishano ya ardhi ambayo yanataka andiko lake peke yake.

Kwa hivyo anayeuliza "italetwa lini" namuomba kitu kimoja. Wiki ya bamvua inayokuja, chukua baiskeli, anzia Kongo, shuka hadi Galu, na kila kichochoro cha kutokea barabarani kipige picha: kiko wazi, kina geti, au kimekuwa ukuta. Nitumie na jina ambalo wenyeji wanakiita. Nataka tuwe na ramani kabla ya kaskazi, msimu wa wageni, manake hapo ndipo mafundi wa kuta huwa na kazi nyingi.